Tshimanga Biakabutuka, Mkongomani Aliyesahauliwa na Wakongomani

Katika mwaka 1974, mwaka ambao Zaire ilitwaa Kombe la Afrika mjini Cairo mwezi wa Machi, ikashiriki Kombe la Dunia mwezi wa Juni, na mwezi wa Oktoba ikawakaribisha Muhammad Ali na George Foreman kupigana ngumi mbele ya halaiki ya watu mjini Kinshasa, alikuwa amekwisha kuzaliwa katika mji huohuo, tarehe 24 Januari, mtoto aliyeitwa Tshimanga Biakabutuka, ambaye baadaye alijulikana pia kwa lakabu ya Tim.

Hapa Goma, ambapo vijana wetu huufukuza mpira juu ya mawe meusi yaliyotapikwa na Nyiragongo, ukimtaja Ndaye Mulamba, mshambuliaji wa Zaire katika Kombe lile la Afrika, wazee watakuhesabia mabao yake 9 ya Misri. Ukimtaja Biakabutuka utaulizwa ni mtu wa mkoa gani. Si ajabu, maadamu mchezo wake haukupata kufika kwetu: ni ule mpira wa Kimarekani, wenye umbo la yai, unaobebwa mikononi, ambamo timu hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10, nayo ikishindwa huwaachia wapinzani. Kazi yake Biakabutuka ilikuwa kuupokea mpira na kupenya katikati ya majitu yaliyoazimia kumwangusha.

Wazazi wake walihamia Kanada naye angali mdogo. Akakulia pande za Montreal, akasoma katika Chuo cha Vanier, kisha akachukuliwa na Chuo Kikuu cha Michigan. Tarehe 25 Novemba 1995, mbele ya mahasimu wa jadi, Ohio State, ambao walikuwa hawajafungwa msimu mzima na walikuwa na Eddie George, mkimbiaji aliyetunukiwa mwaka huo tuzo kubwa kuliko zote za wachezaji wa vyuo, kijana huyu wa Kinshasa alikimbia yadi 313, na Michigan ikashinda 31 kwa 23. Msimu ule alijumlisha yadi 1,818.

Mwaka 1996 timu ya kulipwa ya Carolina Panthers, iliyokuwa ikiingia msimu wake wa pili tu, ilimteua akiwa wa nane katika wachezaji wote wa vyuo walioteuliwa mwaka huo. Alicheza mechi nne, goti likakatika ukano. Mwenye jeraha la namna hiyo aweza kutembea sokoni na kurudi bila ya taabu kubwa, bali akigeuka ghafula goti humsaliti. Na riziki ya mkimbiaji yote imo katika kule kugeuka ghafula. Tabibu hutwaa ukano mahali pengine mwilini akaupandikiza penye ule uliokatika, halafu hufuata miezi mingi ya kujifunza upya kuliamini goti. Watu wa Goma, walioona mifupa mingi iliyovunjwa na vita na pikipiki ikiungwa katika hospitali ya HEAL Africa, aliyoiasisi tabibu wa mifupa Jo Lusi, hawana haja ya kuelezwa kwamba kuungwa si kupona. Na huku yeye akiuguza, Anthony Johnson, aliyeshika nafasi yake, alipita yadi 1,000, timu ikafika mlangoni pa fainali. Sidhani kuna maumivu ya goti yanayozidi hayo.

Alirudi mwaka 1997, lakini misimu miwili ikapita bila ya yule wa Michigan kuonekana. Alionekana tarehe 3 Oktoba 1999, ugenini kwa timu ya Washington, pale alipofunga mara tatu katika robo ya kwanza peke yake, mara moja kwa mbio za yadi 60 na mara nyingine kwa yadi 45. Na pamoja na hayo timu yake ilishindwa, 38 kwa 36. Mimi naipa siku ile daraja kubwa kuliko ile ya yadi 313, kwa sababu ya kwanza aliikimbia kwa miguu aliyozaliwa nayo, na ya pili kwa mguu ulioshonwa. Msimu ule alipata yadi 718, nyingi kuliko msimu wake wowote wa malipo.

Mwaka 2001 aliumia tena, safari hii wayo, na baada ya hapo hakucheza tena. Mechi 50 na yadi 2,530 ndizo zilizobaki daftarini. Akageukia biashara, akawa mmiliki wa migahawa ya kuku huko Augusta, Georgia, jambo ambalo wako wanariadha wengi mashuhuri wangelitamani kama wangelijaaliwa kuhifadhi walichochuma.

Wapo watakaosema kwamba mtu aliyeondoka nchini utotoni, akacheza mchezo wa wageni katika nchi ya wageni, hana haki ya kuhesabiwa miongoni mwetu. Hoja hiyo siikubali, kwani wachezaji wa kandanda waliozaliwa Ulaya na wazazi wa Kikongomani tunawaita ndugu bila ya kuulizwa. Basi wenye kuandika tarehe ya michezo ya Kongo, watakapouandika mwaka 1974, na wauandike pia mwezi wake wa Januari.