Tusi na Mipaka Yake: Kutoka Uwanja wa Jando hadi Redio katika Eneo la Bungoma na Kitale

Uchunguzi wa lugha ya matusi aghalabu huanzia kwenye orodha ya maneno. Njia hii ina kasoro, kwani neno halizaliwi likiwa tusi. Linalolifanya liwe tusi ni uhusiano wa msemaji na msikilizaji, pamoja na mahali na wakati wa kutamkwa kwake. Historia ya eneo la Bungoma na Kitale, wanakoishi Wabukusu, Wasabaoti na majirani zao, inadhihirisha jambo hili. Makala haya yanadai kwamba uzito wa tusi katika eneo hilo umehama kutoka kwenye mwili hadi kwenye kabila, na kwamba redio, kwa kuvunja mipaka ya hadhira, imeuharakisha uhamaji huo.

Miongoni mwa Wabukusu, jando hufanyika mwezi wa Agosti katika miaka ya namba shufwa. Baadhi ya nyimbo za kumsindikiza mtahiriwa hutaja viungo vya siri bila tafsida yoyote. Katika siku za kawaida, mtu hathubutu kuyatamka maneno hayo mbele ya mkwewe. Jando lilitoa ruhusa, na sherehe ilipokwisha ruhusa nayo ilikoma. Hali hii inakaribiana na ile aliyoieleza Mikhail Bakhtin katika kitabu chake juu ya Rabelais, kilichochapishwa mwaka 1965: lugha chafu ya sherehe huwa na kipindi chake maalumu. Wamisionari wengi waliyasikia maneno wasiione ruhusa, wakazilaani nyimbo hizo.

Wakati uo huo, maandishi ya serikali ya kikoloni yalikuwa yakieneza dharau ya aina nyingine. Wabukusu waliandikwa “Kitosh”, jina walilobandikwa na majirani. Wapokot waliitwa “Suk”. Waogiek waliitwa “Dorobo”, neno lenye asili ya Kimaasai linalohusishwa na ufukara wa kukosa ng’ombe. Majina haya hayakuhesabiwa kuwa matusi. Yalipigwa chapa katika ripoti na ramani, hata wenyewe walipoyakataa. Hivyo mwili ulisitiriwa, ilhali heshima ya jamii nzima iliachwa wazi.

Sauti ya Kenya, na baadaye Shirika la Utangazaji la Kenya lililoundwa mwaka 1989, vilikuwa chini ya udhibiti wa serikali, na lugha ya hewani ilichujwa. Redio za kibinafsi zilianza katika miaka ya 1990, na baada ya mwaka 2000 zile za lugha za kienyeji zikaongezeka. Lugha ya nyumbani ikapanda hewani. Chukua neno “omusinde”, yaani asiyetahiriwa. Kwa mvulana anayesubiri jando, neno hili hutaja hali yake tu. Kwa mwanamume mzima ni fedheha. Kwa jirani wa kabila lisilotahiri, huwa kejeli kwa watu wake wote. Uwanjani, mwimbaji aliwajua wasikilizaji wake. Mtangazaji hawajui wake.

Hatari ya jambo hili ilidhihirika baada ya uchaguzi wa mwaka 2007. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 ilifanya matamshi ya chuki ya kikabila kuwa kosa la jinai. Mtangazaji wa Kass FM, Joshua Sang, alishtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Kesi yake ilikatizwa mwaka 2016 kwa upungufu wa ushahidi. Huko Mlima Elgon, mapigano ya ardhi ya miaka ya 2006 hadi 2008 yalikuwa yamezitenganisha jamii, na mwaka 2011 wawakilishi wao walifikia Makubaliano ya Amani ya Mabanga.

Hata hivyo, sheria bado hurudia njia ya orodha. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano ilichapisha maneno yaliyohesabiwa kuwa ya uchochezi, likiwemo “madoadoa”. Kamusi haioni ubaya wowote katika neno hilo; ni sifa ya chui au ya kitambaa. Ubaya wake unatokana na historia ya Bonde la Ufa, ambako liliwataja watu wa makabila mengine kama mabaka yanayostahili kufutwa. Kinyume chake, nyimbo za jando zilizolaaniwa leo hufundishwa kama fasihi simulizi. Kwa hiyo, mhakiki anayetaka kulielewa tusi hana budi kuuliza kwanza ni nani aliyeruhusiwa kulitamka, na mbele ya nani.