Ujifunzaji kwa udadisi, Loitokitok

Ujifunzaji kwa udadisi ni njia ya kufundisha inayoanza na swali: watoto hutazama, hupima, huuliza na hujaribu kabla ya kufungua kitabu. Nchini Kenya njia hii imo ndani ya mtaala wa umilisi, CBC, ambao mada zake ndogo huambatana na maswali dadisi. Katika shule za msingi za Loitokitok, chini ya Mlima Kilimanjaro kusini mwa Kaunti ya Kajiado, mazingira yenyewe yana maswali ya kutosha mwaka mzima.

Asili

Fikra ya kujifunza kwa kutenda huhusishwa zaidi na John Dewey wa Marekani. Kenya ilikuwa na majaribio yake mapema. Mwaka 1957 mbinu mpya ya elimu ya msingi, iliyosisitiza shughuli za watoto, ilianza kujaribiwa Nairobi. Katika miaka ya 1960 ukaja mpango wa sayansi wa nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwamo, uliotumia mchanga, maji na wadudu badala ya vifaa vya maabara. Somo lake moja zuri sana lilihusu kitukutuku, mdudu achimbaye shimo la mtego mchangani. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, ulifunikwa na mtihani wa KCPE wa kumaliza shule ya msingi hadi mtihani huo ulipofanywa mara ya mwisho 2023. CBC iliingia Gredi ya 1 hadi ya 3 Januari 2019.

Kupanga mwaka

Matokeo yanayotarajiwa huwekwa na taasisi ya mitaala, KICD, lakini azimio la kazi huandikwa na mwalimu, na hapo ndipo penye nafasi. Kufuata kurasa za kitabu cha kiada kuanzia ya kwanza ndiyo njia rahisi. Iliyo bora, kwa Loitokitok, ni kufuata maji, malisho na mvua.

Muhula wa kwanza huanza Januari, katika kiangazi. Ardhi ni kavu, ila vinamasi vya Amboseli na Kimana vina maji. Yanatoka wapi, na mvua haijanyesha? Swali hilo lina uzito wa kubeba wiki nyingi. Mvua ya Kilimanjaro hupenya kwenye miamba ya volkano na kuibuka chini kama chemchemi. Maji ya chemchemi za Nolturesh husafirishwa kwa bomba hadi maeneo ya mbali ya Kajiado na Machakos. Kipima mvua cha chupa iliyokatwa kinafaa kuwekwa uani kabla ya masika ya Machi, na daftari lake lisifungwe mpaka Oktoba, mvua za vuli zinapotazamiwa. Daftari hilo moja huunganisha mihula mitatu kuliko kichwa chochote cha mada.

Muhula wa pili ni wa mifugo. Mtoto aliyechunga huja darasani akiwa na maarifa makubwa: Kimaasai kina majina mengi ya rangi na mabaka ya ng'ombe, na uainishaji huo ni sayansi kamili. Tangu 1972 watafiti wa Amboseli wamekuwa wakimtambua kila tembo kwa mikato na matundu ya masikio yake. Watoto wanaweza kufanya vivyo hivyo kwa mbuzi wa boma moja, wakachora, wakahesabu, kisha wakalinganisha orodha zao. Bei za mnadani Kimana hutoa hesabu.

Muhula wa tatu ni mfupi na una tathmini, kwa hiyo hufaa kazi nyepesi za shambani: nyanya na vitunguu vya mifereji ya Kimana na Rombo.

Mwaka wa ukame

Mpango wowote usiotaja ukame haujakamilika. Ule wa 2009 uliua sehemu kubwa ya ng'ombe wa wafugaji na nyumbu wa Amboseli. Familia zinapohama, baadhi ya watoto huhama na mifugo. Swali linaloweza kusafiri na mtoto, kama vile ni majani gani hubaki mabichi mwisho, humrudisha darasani akiwa na la kusema. Zoezi la ukurasa wa 46 wa kitabu humrudisha akiwa amechelewa.

Vifaa

Wazazi wengi nchini walilalamikia gharama za miradi ya CBC. Sanamu ya kutishia ndege ya Gredi ya 4 ilipata umaarufu, hasa pale mzazi alipoishia kuitengeneza yeye. Udadisi hauhitaji kununua karatasi za manila.

Lugha

Sera huruhusu kufundisha kwa lugha ya eneo katika gredi za chini, kwa hiyo swali linaweza kuanza kwa Kimaasai.

Tathmini

Tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6, KPSEA, ilifanywa mara ya kwanza 2022. Utaratibu uliotangazwa wakati huo ulitenga asilimia 60 kwa tathmini za shuleni na 40 kwa karatasi ya kitaifa.