Ituri (maana za jina)

Ituri ni jina la mto, la msitu na la jimbo, vyote vikiwa kaskazini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mipaka yao hailingani. Bunia yenyewe, makao makuu ya jimbo, haimo msituni wala haiko kando ya mto huo: imejengwa kwenye nyanda za juu zenye nyasi, magharibi mwa Ziwa Albert, na mto unaopita mjini ni Shari, tawi la Ituri.

Mto ndio unaowachanganya wengi, kwa kuwa haumalizi safari na jina lake. Unaanzia katika vilima vilivyo karibu na Ziwa Albert na kukata msitu kuelekea magharibi, lakini ukishapokea maji ya Nepoko huitwa Aruwimi, hadi unapoingia mto Kongo huko Basoko, jimbo la Tshopo. Mwaka 1887 Henry Morton Stanley, akienda kumtafuta Emin Pasha, aliufuata kinyume cha mkondo kutoka Yambuya. Yeye na wapagazi wake, wengi wao kutoka Zanzibar, waliingia porini mwezi Juni na hawakuona nyasi hadi Desemba. Wengi walifia njiani kwa njaa, maradhi na mishale.

Msitu una eneo la takriban kilomita za mraba 63,000. Ni makazi ya Wambuti na Waefe, ambao kwa vizazi vingi wamebadilishana nyama na asali kwa mazao ya wakulima wa Kibira na Kilese. Hifadhi ya Okapi, yenye makao yake Epulu, iliundwa mwaka 1992, ikaingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1996, na mwaka uliofuata ikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Sehemu kubwa iko katika wilaya ya Mambasa, lakini inavuka hadi Wamba na Watsa, ambazo ni za jimbo la Haut-Uele.

Jimbo lina kilomita za mraba 65,658. Ukaribu wa tarakimu hizi mbili ni sadfa tu: wilaya za Mahagi na Aru, kwa mfano, zimo jimboni lakini ziko mbali na msitu mkubwa. Wilaya nyingine ni Djugu, Irumu na Mambasa. Mwaka 1962 kulikuwa na jimbo la Kibali-Ituri. Lilifutwa mwaka 1966, na Ituri ikabaki distrikti ya Jimbo la Mashariki hadi 2015, jimbo hilo lilipogawanywa kuwa majimbo manne.

Katika magazeti ya nje, jina hili mara nyingi humaanisha vita vilivyoanza Djugu mwaka 1999. Mapigano ya Bunia yalileta kikosi cha Ulaya, Artemis, mwaka 2003. Thomas Lubanga, kiongozi wa kundi la wapiganaji la UPC, alikuwa mtu wa kwanza kutiwa hatiani na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, Machi 2012, kwa kuwaingiza watoto jeshini. Tangu Mei 2021 jimbo liko chini ya utawala wa kijeshi, pamoja na Kivu ya Kaskazini.