Kuandikwa kazi Zanzibar: kalamu iko mkononi mwa nani?

Leo tuziache siasa za majukwaani tuzungumzie jambo linalogusa matumbo yetu: kazi ya serikali. Wazee wengi hapa Unguja hawasemi fulani "ameajiriwa". Wanasema "ameandikwa kazi". Nalipenda neno hili kwa sababu linaacha swali nyuma yake: kaandikwa na nani? Nikiisoma historia ya visiwa vyetu naona swali hilo limeamua mengi, na mara moja lilichangia hata kuiangusha serikali.

Tuanze na 1891. Mwaka mmoja kabla, Zanzibar ilikuwa imeshaingizwa chini ya himaya ya Uingereza. Oktoba ya mwaka huo Lloyd Mathews, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza ambaye alikuwa amemjengea jeshi Sultani Barghash, akafanywa Waziri wa Kwanza. Sultani hakuweza kumwondoa bila ya ridhaa ya Waingereza. Hebu fikiria, bosi asiyeweza kumfukuza mfanyakazi wake mwenyewe! Kalamu ikawa imeshahama mkono. Hata Beit al-Ajaib, jumba la fahari alilolijenga Barghash mwaka 1883 pale Forodhani, mwaka 1911 likageuzwa ofisi za serikali ya kikoloni.

Ndani ya ofisi hizo kazi zilipangwa kama ngazi. Juu kabisa Mzungu. Ukarani na uhasibu ukawa zaidi mikononi mwa Wahindi na Wagoa. Huko mashamba, mamudiri wengi walikuwa Waarabu. Mwafrika akabakishiwa utarishi, uaskari na kubeba mizigo. Hapakuhitajika tangazo la kusema fulani asiombe. Mchujo ulikuwa umeshafanyika skuli: kama hukupata Kiingereza, utaombaje ukarani?

Chini ya ngazi hiyo alikuwepo sheha. Huyu ni mkongwe kuliko wakoloni wenyewe. Enzi za Mwinyi Mkuu wa Dunga masheha walikuwepo vijijini. Waingereza wakamkuta, wakamweka chini ya mudiri na mkuu wa wilaya. Mshikilie huyu sheha, nitamrudia.

Sasa twende 1963. Katika uchaguzi wa Julai mwaka huo ASP ilipata asilimia 54 hivi ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31. Uhuru ukaja tarehe 10 Desemba, serikali ikiwa ya Muhammad Shamte. Moja ya hatua za serikali hiyo ilikuwa kuwaachisha kazi polisi wenye asili ya Bara. Leo tungesema ni uamuzi wa idara ya rasilimali watu tu, si ndiyo? Lakini wengi wao walibaki humu humu kisiwani, hawana kazi, wana hasira, na wanazijua kambi za polisi ndani nje. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 zikavamiwa kambi za Ziwani na Mtoni, na baadhi ya waliofukuzwa walikuwa miongoni mwa wavamizi. Sisemi Mapinduzi yalitokea kwa sababu ya barua za kuachishwa kazi. Sababu zilikuwa nyingi na za miaka mingi. Ninachosema ni kwamba barua zile nazo zilikuwa kuni katika moto ule.

Baada ya hapo maofisa wa Kiingereza wakaondoka, na makarani wengi wenye asili ya Kiarabu na Kihindi wakahama. Kalamu ikaingia mikononi mwa Baraza la Mapinduzi na ASP. Watu ambao baba zao hawakuota kukaa nyuma ya meza wakakaa. Hilo tusilidharau. Lakini ukaja usaili mwengine: wewe ni mwenzetu?

Haya, na leo? Tunayo Sheria ya Utumishi wa Umma Namba 2 ya 2011, inayotaka ajira za ushindani. Tunayo Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya 2014, na mwaka 2017 serikali ikaanza kushusha elimu ya msingi, afya ya msingi na kilimo kwenda manispaa na halmashauri. Maana yake wakati huo afisa utumishi wa baraza la mji akawa si mtu mdogo tena.

Lakini angalia tangazo la kazi lenyewe: ambatanisha kivuli cha kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Kitambulisho hicho kilikuja kwa sheria ya 2005, na njia ya kukipata inapita kwa sheha. Na sheha hachaguliwi na wananchi wa shehia, anateuliwa na mkuu wa mkoa. Kwa hiyo mzee wetu wa enzi za Dunga bado amesimama mlangoni, hata kabla hujakaa mbele ya jopo la usaili.

Wapo masheha waadilifu, tena wengi. Hoja yangu ni kwamba haki ya kijana isitegemee bahati ya kupata sheha mwema au afisa utumishi asiyepokea vimemo. Sheha akikataa kuandika, aandike sababu na kuweka saini. Jopo likimaliza usaili, alama zibandikwe ukutani. Wakoloni walituachia ngazi, Mapinduzi yakaivunja, na sisi tukikaa kimya tutaijenga upya kwa mikono yetu, safari hii kwa mbao za undugu na uchama.

Wewe uliyewahi kuomba kazi ya serikali, unasemaje?