Kofia ya Viua na Sindano ya Watu wa Pwani

Ile kofia uliyovaa jana ukienda tarawehe, hebu ivue kidogo uitazame. Si ile ya kufumwa kwa uzi, nasema ile nyeupe iliyosimama, yenye matundu madogo madogo yaliyozungushiwa uzi. Matundu hayo yaitwa viua, na kofia yenyewe ni kofia ya viua. Wengi wetu vijana twaivaa tukidhani ni vazi la Waarabu, tuliloletewa na majahazi pamoja na tende. Tuizungumze habari hiyo, kwa sababu safari ya kofia hii ilikuwa ya upande wa pili.

Ni kazi ya watu wa ufuoni, lakini ukiitafuta bahari ndani yake kwa macho hutaiona. Hakuna samaki wala kaa. Waislamu wa pwani hawakupenda kuweka sura za viumbe vyenye roho kwenye nguo ya kuswalia, kwa hivyo mdarizi huchora maua, nyota, miraba na mistari inayopitana. Bahari imo kwenye kitambaa kilichovuka maji na kwenye mkono ulioshika sindano.

Mkono huo ni wa zamani sana. Katikati ya karne ya 1 kuna mfanyabiashara mmoja aliyeandika kwa Kiyunani habari za bandari za Bahari ya Hindi. Alipofika kueleza pwani yetu alitaja vyombo vya kushonwa, na mji wa Rhapta, kwenye pwani ya Tanzania ya leo, ambao jina lake latokana na neno la Kiyunani la kushona. Yaani mgeni alipotutazama, jambo lililomshangaza ni kwamba twashona hata mashua! Na kazi hiyo haikwisha upesi. Mitepe ya visiwa vya Lamu, ambayo mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi badala ya kupigwa misumari, ilionekana baharini mpaka mwanzoni mwa karne ya 20.

Nguo nazo zina habari zake. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alitunukiwa mavazi, na mojawapo lilikuwa kilemba cha Misri chenye pambizo za kudarizi. Mwaka 1498 Wareno wa Vasco da Gama walipotia nanga kisiwa cha Msumbiji, waliwakuta Waislamu wa pale wamevaa vilemba vyenye pindo za hariri zilizotiwa nyuzi za dhahabu. Wao wenyewe walikuwa wametoka Ulaya na bidhaa hafifu, shanga na vikorokoro, mpaka wenyeji wakawa wawadharau. Baadaye kidogo, karibu mwaka 1516, Mreno mwingine, Duarte Barbosa, alieleza vile watu wa Sofala walivyokuwa wakichukua nguo za buluu kutoka Cambay kule Bara Hindi, wakazifumua uzi kwa uzi, kisha wakazifuma upya pamoja na uzi mweupe wa pamba yao. Fikiria subira hiyo, ndugu yangu. Mtu anunua nguo nzima, aifumue, apate rangi tu. Na Pate ilisifika kwa nguo za hariri. Kasisi Monclaro aliyepita huko karibu mwaka 1570 aliziandika.

Pwani yetu ndivyo ilivyokuwa: kitu chatoka ng'ambo, chapita mkononi mwa mwenyeji, chatoka kikiwa kingine.

Kitambaa cheupe kilijaa katika karne ya 19. Bafta ilitoka Bara Hindi. Kisha wakaja Wamarekani wa Salem. Walifanya mkataba wa biashara na Seyyid Said mwaka 1833 na wakafungua ofisi ya balozi mdogo Unguja mwaka 1837. Nguo yao ya pamba ilienea mpaka tukaipa jina lao, na leo bibi akikutuma dukani marekani hafikirii kabisa kwamba ataja nchi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka kwao, 1861 hadi 1865, nguo hiyo iliadimika huku kwetu.

Sasa tuje kwenye kofia yenyewe, maana hapa ndipo penye kazi. Kofia ina vipande viwili: duara la juu na mkanda wa kuzunguka kichwa. Kila kipande ni kitambaa cha tabaka mbili. Kwanza nakshi huchorwa kwa penseli, na mchoraji si lazima awe ndiye mshonaji. Kuna watu wanaosifika kwa kuchora tu. Kisha tabaka hushikanishwa kwa mishono midogo inayofuata mistari. Halafu ndipo viua: watoboa tundu kwa ncha, wazungusha uzi ukingoni mara nyingi mpaka tundu likaze na lisifumuke, waenda la pili. Kofia moja yaweza kuwa na mamia ya matundu hayo. Kazi ya wiki, na ikiwa nakshi ni nzito, ya miezi. Mwisho yafuliwa, alama za penseli zatoka, yatiwa wanga, yasimama. Na viua si urembo mtupu. Hupitisha upepo, na kwa jua letu la Februari hilo si jambo dogo.

Jambo jingine. Ukienda Lamu si ajabu kumkuta mwanamume mzima barazani, miguu ameikunja, ameshika sindano na kofia huku akizungumza siasa. Hakuna anayemcheka. Baadhi ya vijana wa mjini huona kushona ni kazi ya kike, lakini baba zetu walioshona matanga na nyavu wasingekuelewa. Na Siyu, kwenye kisiwa cha Pate, mji uliojulikana kwa mafundi wa ngozi na mbao, kulikuwa pia na waandishi walionakili misahafu kwa mkono na kuizungushia mapambo. Mimi nikizitazama pambizo za misahafu ile na ukanda wa kofia, naona undugu, ingawa mwingine aweza kusema ni macho yangu tu.

Basi vipi kuhusu Waarabu? Wajua kwamba Oman kofia ya namna hii huitwa kumma, na ni sehemu ya vazi la taifa. Lakini Waomani wenyewe wasimulia kwamba asili yake ni Zanzibar na pwani ya Afrika Mashariki. Seyyid Said alihamishia makao yake Unguja karibu mwaka 1840, na vizazi vya Waomani vikazaliwa huku, vikasema Kiswahili, vikavaa kama wenyeji. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 wengi walikimbia, na Sultan Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970 aliwaita Waomani waliokuwa nje warudi kujenga nchi yao. Walirudi na Kiswahili chao na kofia zao. Kwa hiyo yule kijana wa Mombasa ambaye huona raha kuambiwa amependeza kama Muomani, pengine ni Muomani aliyependeza kama mtu wa Mombasa.

Lakini sifa hazijazi sufuria. Madukani siku hizi kofia za mashine kutoka ng'ambo zimejaa, na bei yake mwenye kushona kwa mkono hawezi kuifikia hata akijipunja. Mama au kijana aliyekaa miezi miwili na kofia moja, macho yakimuuma usiku, huambiwa na mnunuzi wa Idd kwamba ile ya duka la pili ni rahisi. Ni kweli ni rahisi. Na kuna wauzaji wanaouza ya mashine kwa bei ya mkono, kwa mteja asiyejua.

Kwa hivyo, kabla hujatoa pesa zako wiki ya mwisho ya Ramadhani, igeuze kofia ndani nje. Ya mashine mara nyingi huonyesha nyuzi nyingi zimepitana ovyo upande wa ndani, na viua vyake vyaweza kuwa uzi tu bila tundu la kweli. Ya mkono ni safi pande zote mbili. Inyanyue kwenye taa: mwanga utapita kwenye kila kiua, na ukitazama vizuri utaona hakuna viwili vinavyolingana kabisa.