Jasho la Pamoja: Kutoka Beni hadi Jogingi

Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, barabara za Temeke, Tandika na Mbagala huwa si za magari bali za watu wa jogingi. Wamevaa fulana za rangi moja zenye jina la klabu mgongoni. Mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia, na mwenye filimbi anawazuia bodaboda njia panda. Kina mama wa genge wamo, vijana wa gereji wamo, na nyuma kabisa hakosi mzee anayetembea tu, wala hachekwi na mtu. Wakishanyoosha viungo na kunywa supu, katibu anafungua daftari: nani kafiwa, nani kalazwa, nani hajatoa mchango.

Wengi huona hii ni fasheni ya juzi, iliyoletwa na hofu ya kisukari na presha. Mimi naona ni jambo lenye umri wa karne na ushei. Jina limebadilika, mavazi yamebadilika, lakini kazi inayofanyika ni ileile: kumtoa mtu ndani, kumtikisa mwili, na kumweka mahali ambapo asipoonekana ataulizwa. Serikali zote zilizopita hapa zimelikuta jambo hilo. Nyingine zililitilia shaka, nyingine zikataka kuliendesha kwa amri.

Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kujenga Dar es Salaam miaka ya 1860, alijenga katika nchi ya Wazaramo. Kwao maradhi ya moyo na ya akili yalikuwa na tiba inayojulikana, nayo ni ngoma. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland, aliishi Bunju katika miaka ya 1960, wakati huo kijiji cha pwani na leo kata ya Manispaa ya Kinondoni. Akaandika kwa kirefu namna Wazaramo walivyokuwa wakipunga pepo. Mwele, yaani mgonjwa, anaketi katikati, anafukizwa, ngoma zinapigwa usiku kucha hadi anaanza kutikisika, anainuka, anacheza mpaka jasho linamtoka. Mwele hapungwi peke yake. Ndugu wa kuumeni na wa kuukeni lazima wawepo, chakula kipikwe, na magomvi yaliyofichwa chini ya mkeka yasemwe. Sina haja ya kubishana na mtu kuhusu mashetani, yupo anayeyaamini na yupo asiyeyaamini. Ninachokiona ni kwamba mgonjwa alipewa mambo matatu kwa usiku mmoja: mwili wake ulifanyishwa kazi, jamaa zake walikusanyika, na kero yake ikapata jina.

Wakoloni walileta njia nyingine. Huko Lutindi, kwenye milima ya Usambara, Wamisionari wa Kijerumani walifungua mwaka 1896 kituo cha watumwa waliokombolewa, na mwaka 1904 kikageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Kwa haki ni lazima tuseme kwamba nao waliamini katika mwili. Misheni yao, ya Bethel, ilishika sana tiba ya kazi za mikono, na Lutindi hadi leo inajulikana kwa chai na karakana zake. Kisha Waingereza wakajenga hospitali ya Mirembe, Dodoma, mwaka 1927. Kwa mtu wa Dar hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu kuumwa akili sasa kulimaanisha kupandishwa treni na kupelekwa mbali na kila anayekujua. Jina la Mirembe likageuka tusi la mtaani, na mpaka leo watoto wa Manzese wanataniana nalo. Tusi la namna hiyo linaweza kumzuia mtu kwenda hospitali kuliko ukosefu wa nauli.

Lakini mjini kwenyewe watu walikuwa na lao. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Dar es Salaam ilishikwa na beni. Ilikuwa ngoma ya gwaride, yenye tarumbeta au chochote kinachofanana nalo, sare zilizopigwa pasi, na vyeo vya kuigiza: mfalme, jenerali, daktari. Vyama vikuu vilikuwa viwili, Marini na Arinoti. Marini walijiona watu wa mjini, wastaarabu. Arinoti walikuwa na wabeba mizigo na wageni waliotoka bara. Terence Ranger, aliyefundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika kitabu kizima juu ya ngoma hii mwaka 1975, akaonyesha jambo ambalo maofisa wa Kiingereza walichelewa kulielewa. Wao walidhani ni Waafrika wanaowaigiza askari, au pengine wanapanga uasi. Kumbe chama cha beni kilikuwa kinazika. Kijana aliyetoka Songea au Tabora kuja kubeba magunia bandarini, akifa bila ndugu, wenzake wa gwaride ndio waliomnunulia sanda. Akiumwa, walimwendea.

Hebu fikiria hali ya kijana huyo. Hana mama hapa, hana shamba, mshahara haufiki mwisho wa mwezi. Jioni anavaa sare, anapiga mguu kwa mstari saa mbili tatu, anaitwa kwa cheo. Daktari wa leo angempima angesema ana kila sababu ya kupata sonona. Beni ilimtibu bila kujua kwamba inamtibu.

Watu wakazidi. Sensa ya 1948 ilihesabu wakazi kama 69,000 mjini, ile ya 1957 ikakuta zaidi ya 128,000. Serikali ikapima viwanja na kujenga nyumba za Waafrika nje ya Kariakoo: Ilala, Magomeni, Temeke. J.A.K. Leslie, ofisa wa serikali aliyetumwa kuwachunguza wakazi hao na ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1963, alionyesha jinsi mgeni alivyofikia kwa ndugu au kwa mtu wa kwao, na kupitia huyo akaingizwa mjini. Wengi walikwenda kazini kwa miguu au kwa baiskeli na kurudi vivyo hivyo. Jioni kulikuwa na mpira, na ngoma za vanga na mdundiko. Mdundiko ni wa kutazamwa kwa karibu. Ni ngoma inayotembea: inaanzia uani kwenye shughuli ya mwali, inatoka barabarani, na kila nyumba inayopitiwa inatoa watu. Wazee wa Temeke hawachoki kusimulia watoto waliofuata mdundiko wakajikuta mtaa wasioujua, giza limeingia, na mama anazunguka anatafuta. Hakuna aliyewaambia kwamba wamefanya mazoezi.

Uhuru ulipokuja, serikali mpya ilikuwa na imani kubwa na mwili wa raia. Jeshi la Kujenga Taifa likaanzishwa mwaka 1963. Shuleni ukaingia mchakamchaka: kabla ya namba, jua halijapanda, watoto wanakimbia kuzunguka mtaa wakiimba, walio nyuma wakichungwa na mwalimu wa zamu mwenye fimbo. Oktoba 1967, Mwalimu Nyerere mwenyewe alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuliunga mkono Azimio la Arusha. Uwanja wa Taifa kule Temeke ukajaa halaiki siku za sherehe, maelfu ya watoto wakigeuka kuwa mwenge, jembe, ramani ya nchi. Na Februari 1974 Filbert Bayi akavunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch, New Zealand.

Ilikuwa miaka ya fahari, sitaki kuibeza. Lakini mchakamchaka ulikuwa na kasoro moja ambayo sote tuliokimbizwa tunaijua. Siku uliyomaliza shule, fimbo ilibaki shuleni na mbio zikabaki hukohuko. Kizazi kilichokimbizwa kuliko vyote ndicho leo kinachojaza kliniki za presha. Amri inaweza kumfikisha mtu uwanjani. Kumfanya atake kurudi kesho ni kazi nyingine, na dola haiiwezi.

Mwaka 1983 amri ilionyesha upande wake mchungu. Kampeni ya Nguvu Kazi iliwakamata mjini walioitwa wazururaji ili wapelekwe kufanya kazi mashambani. Jasho lilikuwepo na hewa ya shamba ilikuwepo, ila sidhani kuna aliyepata raha ya moyo kwa kupelekwa hivyo. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema watu wa kipato cha chini hawahitaji mazoezi kwa kuwa kazi zao zenyewe ni mazoezi. Konda wa daladala ya Mbagala anasimama mlangoni tangu alfajiri, anaruka, anapaza sauti, anasukumana. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris alichapisha utafiti juu ya mabasi ya London, akaonyesha kwamba makonda waliopanda na kushuka ngazi siku nzima walipata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva waliokaa. Ulikuwa utafiti mkubwa, lakini ulihusu moyo unaosukuma damu. Konda wetu anawaza hesabu ya tajiri jioni, na hakuna ngazi inayomwondolea wazo hilo.

Kuhusu moyo wa pili, ule wa mawazo, sayansi ilikuja baadaye. Mwaka 1999 James Blumenthal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha matokeo ya watu 156 wenye sonona waliopita umri wa miaka 50. Wapo waliopewa dawa, wapo waliofanyishwa mazoezi, wapo waliopata vyote viwili. Baada ya wiki 16 makundi yote matatu yalikuwa yamepata nafuu inayokaribiana. Wengi hupenda kuunukuu utafiti huo na kusahau kwamba waliofanya mazoezi waliyafanya kwa pamoja, kwa ratiba, chini ya msimamizi. Hapa nyumbani, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuata watu 209 waliohama vijiji vya Morogoro kuja Dar es Salaam. Ndani ya miezi 12 kazi za nguvu zilikuwa zimepungua sana, na uzito umepanda kwa wastani wa zaidi ya kilo 2, wanaume kwa wanawake. Ni mgeni yuleyule wa bandarini, ila huyu wa sasa hakupokewa na beni.

Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alihimiza mazoezi nchi nzima, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Wakubwa walitoka, picha zikapigwa. Lakini klabu za Temeke na Kinondoni hazikusubiri tangazo, na hazikimbii mara moja kwa mwezi. Zinaalikana, zina mifuko ya kuzikana, zinakwenda hospitali kuchangia damu. Hata dawa ya methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili Februari 2011 na baadaye Mwananyamala na Temeke, inafuata kanuni ileile ya kuonekana na kuulizwa: kijana anayeanza kuacha heroini hupaswa kufika kila siku dirishani, kwa miguu yake, mbele ya mtu anayemjua kwa jina.

Kwa hiyo jirani akikuambia ana mawazo, usimwambie tu afanye mazoezi. Mpitie mlangoni mtoke wote, na hali ikizidi, mpeleke hospitali.

Kuna jambo moja klabu haziwezi kujifanyia. Dar es Salaam ilihesabiwa kuwa na watu 5,383,728 mwaka 2022, na viwanja vya wazi vimekuwa vikigeuzwa fremu za maduka, maegesho na gereji. Viwanja kama Mwembe Yanga na Biafra vinabeba mpira, mikutano ya siasa, mihadhara na jogingi kwa zamu, na mitaa mingi ya Mbagala na Tandale haina hata cha kugombania. Ukisikia ajenda ya mkutano wa mtaa ni kiwanja cha wazi, nenda, na uliza hati yake iko kwa nani.