Habari za Chama cha Akiba cha Lévis

Mtu akihamia mji mdogo, neno moja humsumbua mapema: fedha yangu nitaiweka kwa nani, na siku ya shida nitakopa wapi? Wasomaji wetu wengi wamekwisha kujiuliza hivyo. Basi twataka kuwasimulia jinsi watu wa Lévis, mji wa Kanada uliokuwa mdogo wakati ule, ulio ng'ambo ya mto kuelekea Quebec, walivyojipatia jibu.

Alikuwako huko mtu jina lake Alphonse Desjardins, aliyezaliwa mwaka 1854. Kazi yake ilikuwa kuandika maneno yasemwayo katika baraza la kutunga sheria mjini Ottawa. Mwaka 1897 alimsikia mjumbe mmoja akieleza habari za mtu wa Montreal aliyekopa dola 150, kisha akaamriwa kulipa riba ya dola 5,000. (Tusidhani ni mambo ya mbali, walaji riba tunao hata sisi, na mwalimu asiye na akiba awajua kwa majina.) Mwandishi wa maneno ya wengine huyaandika akayasahau. Huyu hakuyasahau. Alisoma habari za vyama vya akiba vya Ulaya, akaandikiana barua na waliovijua.

Tarehe 6 Desemba 1900 chama kikaundwa. Hisa moja ilikuwa dola 5, lakini maskini aliweza kuilipa senti 10 kila juma. Kila mwanachama alikuwa na kura moja tu, awe na hisa moja au nyingi. Waliopokewa ni wakazi wa mahali pale, kwa kuwa jirani humjua jirani: nani hulipa deni lake, nani hunywa mshahara wake, nani akopa kwa haja ya kweli. Ujuzi huo benki kubwa hazikuwa nao. Tarehe 23 Januari 1901 fedha zilianza kupokewa. Siku ile zilipatikana dola 26 na senti 40.

Bwana akiwa Ottawa, mkewe Dorimène ndiye aliyetunza hesabu nyumbani mwao. Nasi twaona sifa iliyo kubwa ni yake, ingawa wasimulizi wengi humtaja mwishoni. Maana sheria haikukitambua chama kile. Fedha za watu zikipotea, wao wawili wangedaiwa, nao wana watoto wa kulea. Mama huyu aliijua hatari hiyo, wala hakuacha kuwafungulia watu mlango. Mwaka 1906 ndipo baraza la Quebec lilipotunga sheria ya kuvilinda vyama hivyo.

Mwaka 1908 Padre Pierre Hevey wa Manchester, katika New Hampshire, Marekani, alimwita Desjardins awasaidie waumini wake, wafanyakazi wa viwanda vya nguo waliotoka Kanada. Wakaanzisha chama cha St. Mary's, cha kwanza cha namna hiyo nchini Marekani, nacho kingaliko hata leo.

Desjardins alifariki mwaka 1920, na Dorimène mwaka 1932. Nyumba yao ingali imesimama Lévis, na wageni huingia kuitazama.